Zabibu za Baba, Meno ya Mtoto

Soma Ezekieli 18:1–4 na Yeremia 31:29, 30. Watu wa Yuda walikuwa na msemo waliopenda kuurudia siku za manabii hawa wawili. Walidai kwamba waliokula zabibu mbichi ni akina baba, ila ganzi imeyashika meno ya watoto. Msemo huo ulikuwa malalamiko. Aliyekosa amekwisha kufa, na anayelipa hakuwapo kosa lilipofanyika. Ezekieli na Yeremia wote waliukataa, wakasema kwamba kila mtu atajibu kwa ajili ya matendo yake mwenyewe.

Kwa kawaida tunapojifunza mafungu haya tunakimbilia maana ya kiroho, na meno tunayaacha nyuma. Leo hebu tuyachukue meno kama meno. Kuna ugonjwa unaoanzia kinywani ambao haubaki kinywani. Huungana na kisukari, hugusa figo, na pengine moyo. Anapoupata mtu, alaumiwe nani? Yeye ambaye hakupiga mswaki? Baba yake aliyemnunulia soda? Au wengine ambao hawakuwahi kuketi mezani pake?

Kabla ya kutafuta wa kulaumiwa, tuelewe kwanza linalotokea.

Soma 1 Wakorintho 12:14–26. Paulo anazungumza juu ya kanisa, lakini mfano wake usingekuwa na nguvu kama usingekuwa kweli kwanza kuhusu mwili wenyewe. Kiungo hakiwezi kukiambia kingine kwamba hakihitajiki, na kimoja kikiumia vyote huumia pamoja nacho. Hata hivyo, kipo kiungo ambacho tiba yenyewe imekitenga. Mgonjwa wa moyo na mgonjwa wa figo hutibiwa na madaktari waliosoma chuo kimoja. Mwenye jino bovu huelekezwa jengo jingine, kwa daktari mwenye shahada nyingine, na mara nyingi bima yake humwacha mlangoni. Utengano huu una umri. Chuo cha kwanza cha udaktari wa meno kilifunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1840, kikiwa peke yake, nje ya chuo cha tiba. Tangu hapo kinywa na mwili vimefundishwa kama nchi mbili zenye mpaka.

Damu haiujui mpaka huo. Kinywani mnaishi bakteria wa mamia ya aina. Wasipoondolewa hujijenga kuwa utando laini juu ya meno, ule unaoitwa ukoga. Ukikaa siku nyingi hugeuka mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauuwezi tena. Fizi huvimba na kutoka damu. Zisipotibiwa, uvimbe hushuka chini na kuula mfupa unaolishika jino, na kati ya fizi na jino hutokea mfuko unaoweza kukaa usaha. Mara nyingi mtu hasikii maumivu yo yote mpaka jino lianze kucheza. Ukiyazunguka meno yote, kidonda hicho kinaweza kuenea mapana ya kiganja. Kama kingekuwa mguuni, familia nzima ingelala hospitalini.

Kutoka katika kidonda hicho bakteria na kemikali za uvimbe huingia katika damu. Mwili ulio vitani kila siku huwa mzito kuitikia insulini, na sukari hupanda. Nayo sukari inapokaa juu hudhoofisha ulinzi wa fizi na kuchelewesha kupona kwake. Ni njia ya kwenda na kurudi. Ndiyo maana mwaka 1993 mtafiti mmoja wa Norway, Harald Löe, aliuita ugonjwa wa fizi madhara ya sita ya kisukari, akiyafuatisha yale ya macho, figo, neva, mishipa mikubwa ya damu, na vidonda vinavyokawia kupona.

Kuhusu moyo inatupasa kusema kwa uangalifu zaidi, maana anayefundisha afya kanisani huwa na kishawishi cha kukuza mambo ili watu washtuke. Wenye ugonjwa wa fizi hupatwa na magonjwa ya moyo na kiharusi zaidi kuliko wengine. Hata hivyo, Chama cha Moyo cha Marekani kilipoupima ushahidi mwaka 2012 kilikiri kwamba uhusiano upo, ila hakikuona uthibitisho kwamba fizi ndizo chanzo. Lisilo na shaka ni hili: mtu ambaye valvu zake za moyo zimeharibika, kwa mfano kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni, anaweza kuuawa na bakteria waliotoka kinywani na kutia kambi moyoni.

Na yote haya si mambo ya wachache. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2022 likikadiria kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa fulani wa kinywa, na watatu kati ya kila wanne wao wako katika nchi za kipato cha kati. Magonjwa yasiyoambukiza nayo huua watu zaidi ya milioni 40 kila mwaka. Makundi haya mawili yana mizizi ileile: sukari, tumbaku, pombe, umaskini.

Sasa turudi kwenye lawama.

Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi walimwona kipofu, na swali lao la kwanza likawa ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Hawakuuliza anakula nini, au nani humshika mkono kuvuka njia. Sisi ambao tumepewa nuru nyingi juu ya afya tunaweza kuliuliza swali hilo upesi kuliko wengine. Mzee wa kanisa akikatwa mguu kwa kisukari, pembeni husikika mnong'ono kwamba alipenda sana chai ya sukari. Dada akiziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka, tunajua anaficha nini, na tunajua (au tunadhani tunajua) kwa nini.

Je, tunajua kweli? Fikiria watu waliokulia karibu na Mlima Meru, au katika sehemu za Bonde la Ufa upande wa Kenya, wenye meno ya rangi ya kahawia. Wengi wamewahi kuambiwa na wageni kwamba hawapigi mswaki. Chanzo ni floraidi nyingi katika maji waliyokunywa wakiwa watoto, wakati meno yao ya kudumu yalipokuwa yakiumbika ndani ya taya. Madini hayo kwa kiasi kidogo hulinda meno, na ndiyo sababu yamo katika dawa ya meno. Yakizidi utotoni huyaharibu. Mtu anaweza kupiga mswaki mara tano kwa siku mpaka kufa, na rangi isitoke. Aibu anayoibeba ni ya kisima.

Au chukua wafanyakazi wa mashamba ya chai wa Sri Lanka. Kuanzia mwaka 1970 Löe huyohuyo na wenzake waliwafuatilia wanaume 480 ambao hawakupiga mswaki wala kutibiwa meno. Tungetazamia wote waishie mahali pamoja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1986 yalionyesha kwamba kwa asilimia 8 ugonjwa ulikwenda mbio na kuyang'oa meno mapema, kwa asilimia 81 ulikwenda polepole, na kwa asilimia 11 haukupita hatua ya fizi kuvimba. Uzembe, kama tukitaka kuuita hivyo, ulikuwa mmoja. Hukumu ya mwili haikuwa moja. Anayelitumia jino lililong'oka kama kipimo cha tabia ya mtu ameshika mizani mbovu, na Biblia ina maneno makali juu ya mizani mbovu.

Hata meno mazuri si ushahidi. Amosi 4:6 inataja usafi wa meno katika orodha ya adhabu: meno ni safi kwa sababu hakuna chakula cha kuyachafua. Tunawasifu wazee wetu kwamba walizeeka na meno yao yote. Wengine walikuwa waangalifu kweli, wakachokonoa kwa kijiti cha mswaki kila asubuhi. Lakini wengi hawakushinda jaribu la sukari. Sukari haikuwa imefika dukani.

Kisa kinachotufaa zaidi kiko mbali na kwetu, jangwani Arizona. Kando ya Mto Gila wanaishi watu wanaojiita Akimel O'odham, maana yake watu wa mto. Vitabu vingi huwaita Pima. Kwa karne nyingi walichimba mifereji na kumwagilia mahindi, maharage, maboga na pamba, na baadaye ngano. Wasafiri waliokuwa wakienda California katikati ya karne ya 19 walinunua ngano kwao. Watu wa mto ndio waliowalisha wageni. Kisha, kuanzia miaka ya 1870, walowezi waliofika sehemu za juu za mto waliyageuza maji kwenye mashamba yao. Kufikia mwisho wa karne hiyo mashamba ya chini yalikuwa yamekauka, na taifa la wakulima likaingia katika njaa. Baadaye wakaanza kuishi kwa chakula cha msaada wa serikali: unga mweupe, sukari, mafuta ya nguruwe.

Mwaka 1965 watafiti wa afya wa serikali ya Marekani walianza kuwapima, wakaendelea kwa miaka zaidi ya 30, wakakuta kisukari kwa kiwango ambacho hakijaonekana mahali pengi duniani. Walifungua pia vinywa vyao. Wenye kisukari walipata ugonjwa wa fizi mara 2 hadi 3 kuliko wasio nacho. Kisha, katika utafiti uliotolewa mwaka 2005, walifuatiliwa watu 628 wenye kisukari, na wale waliokuwa na ugonjwa mkali wa fizi walikufa kwa magonjwa ya moyo na figo mara 3.2 kuliko wenzao ambao fizi zao zilikuwa nzima au zenye ugonjwa usio mkali. Sehemu kubwa ya yale ambayo daktari wa meno anafundishwa leo juu ya kinywa na kisukari ilisomwa kwanza katika miili ya watu wa mto huu.

Wengine walisema: ni damu yao, wamezaliwa hivyo. Lakini ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Sonora, Mexico, wako ndugu zao wa ukoo mmoja, Pima wa Maycoba, ambao waliendelea kulima kwa mikono na kula maharage na mahindi. Walipopimwa, kwa takwimu zilizotolewa mwaka 2006, wenye kisukari walikuwa asilimia 6.9. Upande wa Arizona walikuwa asilimia 38.

Mweke mzee mmoja wa Gila mbele yako, meno yamekwisha, figo zimechoka, na umuulize kwa nini hakujitunza. Zabibu za nani zimeyatia ganzi meno yake? Hazikuliwa na baba yake. Baba yake alinyang'anywa shamba la mizabibu. Mwaka 2004 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyomrudishia mzee huyo na watu wake sehemu kubwa ya haki yao ya maji. Kati ya mto kugeuzwa na sheria hiyo ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia moja.

Soma Kutoka 21:26, 27. Hii ni sheria ambayo tunaipita haraka kwa sababu imekaa katikati ya habari za ng'ombe na mashimo. Bwana akimpiga mtumwa wake hata jino likang'oka, ni lazima amwache huru, kwa ajili ya jino hilo. Haisemi amlipe fedha kidogo. Haiulizi kama mtumwa alikuwa mkaidi. Inatazama ni nani aliyekuwa na nguvu katika nyumba ile, na kumdai yeye. Jino moja la mtu wa chini kabisa lilikuwa na thamani ya mtu mzima aliye huru. Sijui sheria nyingine ya kale inayoliinua jino la mtumwa kiasi hicho. Ukiisoma ukiwa na Gila akilini, huwezi tena kuridhika na swali la mswaki peke yake.

Hapa lakini ndipo penye hatari ya pili, na Ezekieli anatusubiri hapo. Tukisema makosa yote ni ya walowezi, ya viwanda vya soda, ya serikali, tumeurudia ule msemo wa zabibu uliokataliwa. Waliousema hawakuwa wamedanganya kabisa. Baba zao walikosa kweli, na uhamisho ulikuwa umewapata kweli. Nabii hakuukana ukweli huo. Alichokikataa ni matumizi yake: mtu kuketi chini na kusema kwamba, kwa kuwa si mimi niliyeanza, basi hakuna linalonihusu.

Lawama na wajibu si kitu kimoja. Lawama hutazama nyuma na kuuliza nani alisababisha. Wajibu huuliza nani anaweza kufanya jambo sasa. Mara nyingi majibu huwa watu tofauti. Mgonjwa anaweza kuwa hana lawama hata kidogo, na bado mswaki uko mkononi mwake, si mwa mwingine. Wala si mzigo wa bure. Mwaka 1965, huko Aarhus, Denmark, watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno kwa makusudi. Kati ya siku 10 na 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia kusafisha, zikapona kwa muda mfupi. Ugonjwa ukishafika kwenye mfupa haurudi nyuma hivyo, lakini hata hapo tiba ina faida: ulinganisho wa majaribio 35 uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari waliosafishwa fizi kwa kina walipunguza kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa takriban asilimia 0.4 ya kipimo hicho. Ni kidogo, lakini ni kama nafuu ambayo mgonjwa huipata akiongezewa dawa nyingine. Kumwambia mgonjwa kwamba si kosa lake, kisha kumnyima habari hii, ni namna nyingine ya kumdharau. Ni kumfanya asiyeweza kitu.

Mwingine atapinga: tukiondoa lawama, nani atajitunza? Aibu kidogo husaidia. Swali hilo lina haki ya kujibiwa, na jibu liko kwenye foleni ya daktari wa meno. Wanaokuja ni wale ambao jino limekwisha kuwashinda, nao wanataka ling'olewe tu. Mwenye aibu ya kinywa hakifungui, wala kwa daktari, wala kwa mke. Aibu haikuleta mswaki mapema, ilichelewesha safari. Na gharama nayo huchelewesha: katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani kuna madaktari wa meno wapatao 3 kwa kila watu 100,000. Ndugu anayetoka kijijini asafiri siku nzima, alale mjini, alipe, kisha asikie mahubiri juu ya uzembe wake?

Kwa hiyo wajibu unasambaa. Mwenye kisukari anao: asafishe meno mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na amwambie daktari wa kisukari kwamba fizi zinatoka damu, hata asipoulizwa. Daktari wa kisukari anao wa kuuliza. Serikali inao, na isiseme haijaambiwa: Umoja wa Mataifa ulikiri mwaka 2011 kwamba magonjwa ya kinywa yanahitaji mapambano yaleyale ya magonjwa yasiyoambukiza, na mwaka 2021 dawa ya meno yenye floraidi iliwekwa katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Na darasa letu je? Tunapoandaa siku ya afya kanisani, tunaweka meza ya presha, meza ya sukari, meza ya uzito. Ni makanisa mangapi yaliyoweka meza ya kinywa? Haihitaji mashine. Inahitaji tochi, glovu, na muuguzi wa meno aliyealikwa mapema. Na karibu yake iwekwe meza ya sukari, ili aliyekutwa na fizi mbaya apimwe papo hapo, na aliyekutwa na sukari afungue kinywa.

Halafu kuna kopo la pipi. Katika madarasa mengi ya watoto, aliyekariri fungu hupewa pipi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni vema sukari inayoongezwa isizidi asilimia 5 ya nishati ya chakula cha siku, yaani kama vijiko sita vya chai kwa mtu mzima, na kwa mtoto chini ya hapo. Chupa moja ya soda ya baada ya ibada inavipita. Pipi moja ni ndogo, lakini hukaa kinywani muda mrefu, na mtoto hujifunza kwamba sukari ndiyo ladha ya kufanya vizuri. Mwalimu anayeitoa ana upendo, hakuna shaka. Pengine hata akina baba wa ule msemo waliwapenda watoto wao. Jadilini darasani: kopo hilo liwekwe nini badala yake, nani atakinunua, na nani atazungumza na yule mama mzee anayeleta pipi kwa fedha yake mwenyewe kila Sabato, bila kumwaibisha.